Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: tusikilize hoja, tuache kupima ndevu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam na heshima nyingi.

YAH: NAMNA YA KUMTAMBUA KIJANA ANAYEVUTWA NA MAKUNDI YA SILAHA

Sisi ni walimu wa madrasa na walimu wa historia katika Jiji la Arusha. Tunakuandikia kwa kuwa wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa, na kwa kuwa kijana akitoweka Unga Limited au Sombetini, wanaoulizwa kwanza ni mtendaji wa mtaa, balozi na polisi kata. Watu hao wamezoea kutazama ndevu, suruali iliyokatwa juu ya kifundo, nikabu na madrasa isiyo na kibao. Tangu bomu la Olasiti, Mei 5, 2013, lililoua watu 3 kanisani, macho ya jiji yamekaa hapo. Hatumhukumu yeyote kwa tukio lile. Tunasema tu kwamba dalili hizo zinawapoteza wanaozitegemea. Waislamu wengi wanaovaa hivyo ni majirani wema wa miaka yote, na aliyekwisha kuiva kwenye mtandao wa siri anajua kunyoa na kuvaa jinzi kama wenzake wa stendi.

Cha kusikiliza ni hoja. Itikadi ya makundi haya ya silaha hupandwa kwa ngazi, na anayezijua atamsikia kijana yuko ngazi ya ngapi hata kabla hajamwona.

Ngazi ya kwanza ni neno la haki kabisa: hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Makhawariji, kundi la mwanzo la Waislamu walioasi, walilitumia dhidi ya Khalifa wa nne, Sayyidna Ali, naye akajibu kwamba ni neno la haki lililokusudiwa batili. Katika karne ya 20, Abul A'la Maududi, aliyeanzisha Jamaat-e-Islami kule Lahore mwaka 1941, alilijenga likawa nadharia ya dola. Hassan al-Banna alikuwa ameanzisha Ikhwani (Udugu wa Kiislamu) mjini Ismailia, Misri, mwaka 1928, kwa mahubiri, shule na huduma kwa maskini. Tunaomba watendaji waelezwe wazi kwamba Mwislamu kutaka sheria ya dini yake iheshimiwe si kosa, na wengi wanaoanzia hapo huishia hapo hapo.

Mambo hugeuka kwa Sayyid Qutb, mwandishi wa Ikhwani. Serikali ya Nasser kule Misri ilimfunga kuanzia 1954, na gerezani, ambako Ikhwani waliteswa, alilichukua neno jahiliya, linalotaja zama za kabla ya Mtume (S.A.W.), akalibandika kwenye dunia ya leo, jamii za Waislamu zikiwemo. Alinyongwa Agosti 1966. Waliomfuata waliuliza swali lililobaki: kama jamii ni ya jahiliya, mtawala wake ni nani, askari wake ni nani, na imamu anayemwombea dua mtawala huyo ni nani? Jibu lao likawa takfiri, yaani kumtoa Mwislamu katika Uislamu. Hii ndiyo bawaba ya mlango wote. Kabla ya hapo kuna mjadala, baada yake kuna damu.

Tunaomba uturuhusu kukaa kidogo kwenye bawaba hiyo. Muhammad Abd al-Salam Faraj, mwananadharia wa kundi lililomuua Rais Sadat wa Misri Oktoba 6, 1981, alikuwa mhandisi wa umeme. Kati ya maneno aliyoyategemea ni fatwa ya mwanazuoni wa kale Ibn Taymiyya kuhusu Mardin, mji ulioko Uturuki ya leo, uliokuwa chini ya Wamongolia. Katika chapa iliyoenea, fatwa hiyo inasema aliye nje ya sheria "yuqatal", apigwe vita, kwa kadiri anavyostahiki. Hati ya kale iliyohifadhiwa Damascus, na Ibn Muflih, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, alipoinukuu, zote zinasema "yu'amal", atendewe. Ukiyaandika maneno hayo mawili ubaoni kwa Kiarabu utaona ya, alif na lamu zimekaa pale pale. Zilizobadilika ni ain kuwa qafu, na mimu kuwa ta. Wanazuoni waliokutana Mardin kwenyewe mwaka 2010 walilieleza kosa hilo hadharani. Kijana wa Ngarenaro aliyetumiwa fatwa hiyo kwa simu hajaambiwa, na mtu wa kumwambia ni yule anayesoma Kiarabu chenye irabu na kisicho na irabu. Mtu huyo hupatikana kwenye madrasa zile zile zinazoshukiwa.

Baada ya takfiri inakuja faradhi. Katika fikihi tuliyorithi, jihadi ni faradhi kifaya, yaani wakiitekeleza baadhi inawatosha wengine, na inapokuwa ya kuchagua kijana huomba ruhusa ya wazazi. Mtu mmoja alimjia Mtume akitaka kwenda, akaulizwa kama wazazi wake wahai, akaambiwa apiganie jihadi yake kwao. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni walisema inakuwa faradhi aini, yaani wajibu wa kila mmoja, pale adui anapoivamia nchi. Abdullah Azzam, aliyefungua ofisi ya kupokea wapiganaji Peshawar mwaka 1984 wakati Wasovieti wako Afghanistan, aliitandaza hukumu hiyo juu ya Waislamu wa dunia nzima, akasema ruhusa ya wazazi imeanguka. Kwa hiyo kijana anayeanza kuuliza kama ni lazima kumwambia mama yake kabla ya kusafiri ametoa dalili nzito kuliko ndevu za miaka kumi.

Yaliyofuata tuyapitie upesi. Al-Qaida, iliyoundwa 1988, iliacha adui wa karibu, yaani serikali za nchi za Waislamu, ikamfuata adui wa mbali, yaani Marekani, na Agosti 7, 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 200, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au njiani, Waislamu kwa Wakristo. Vita vya Iraq vya 2003 vikazaa kundi la Dola ya Kiislamu (IS), lililofika kutangaza ukhalifa Juni 2014, likapoteza kijiji chake cha mwisho, Baghuz nchini Syria, Machi 2019. Tangu hapo nguvu yake imehamia Afrika, na kila mahali jina la dunia limevishwa ugomvi wa kienyeji. Al-Shabaab ilinenepa baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia Desemba 2006. Kundi la waasi la ADF lilitoka Uganda likajichimbia Kongo, na ndilo lililolaumiwa kwa mauaji ya walinda amani wetu wasiopungua 14, mwezi wa Desemba 2017. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iliwaka Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 moto ukavuka Ruvuma hadi Kitaya, Mtwara.

Na lugha ya kuvutia watu ni Kiswahili chetu hiki. Mihadhara ya mhubiri Aboud Rogo wa Mombasa iliendelea kusambaa Afrika Mashariki hata baada ya yeye kuuawa Agosti 2012. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, mmoja wa waliokuja kuhukumiwa alikuwa Mtanzania.

Hapa ndipo watendaji hukosea zaidi. Wanasikia ugomvi wa maulidi, wa khitma, wa dua ya qunuti katika sala ya alfajiri, au kijana amekataa kuswali nyuma ya imamu fulani, wanaandika ripoti ya ugaidi. Ugomvi huo ni wa kawaida kabisa, umekuwepo tangu babu zetu. Sikilizeni kama tofauti hiyo imefika kwenye maneno "damu yake halali" au "mali yake halali". Sikilizeni neno hijra, yaani kuhama kwa ajili ya dini, likisemwa pamoja na kuuza simu, kuuza bodaboda na "kazi" iliyopatikana nje isiyo na jina la mwajiri. Wengine huvutwa na hiyo kazi tu, itikadi wanakutana nayo huko.

Utafiti wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2017, uliowahoji mamia ya waliowahi kujiunga na makundi hayo Afrika, ulikuta asilimia 57 wanakiri kuyajua maandiko ya dini kidogo tu au kutoyajua kabisa, na kwamba miaka 6 au zaidi ya elimu ya dini inapunguza uwezekano wa kujiunga. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Mheshimiwa, takwimu hizo mbili zikae mezani siku kamati inapojadili kufunga madrasa au kuzoa vijana wa msikiti mzima usiku mmoja. Kule Nigeria, Mohammed Yusuf, kiongozi wa Boko Haram, aliuawa mikononi mwa polisi Julai 2009, na kundi lililorudi mwaka uliofuata ilikuwa kali mara nyingi zaidi.

Tunaomba orodha ya mavazi iondolewe kwenye mafunzo ya kata, na mahali pake paingie ngazi tulizozieleza. Tunaomba kijana aliye kwenye ngazi za mjadala akutanishwe na sheikh anayeaminika kwa elimu, aliyechaguliwa na mtaa wenyewe, ambaye haandiki ripoti kwa mtu. Akishaonekana mpelelezi, hata hoja yake bora haitaingia. Mzazi anayekuja kusema "mwanangu amebadilika" asirudishiwe habari kwamba mwanawe hajulikani alipo. Mzazi wa pili hatakuja tena. Na aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama sheria inavyotaka, familia ikijua kituo alichopo.

Ibn Abbas, binamu wa Mtume, alipowaendea Makhawariji aliwauliza kwanza wana malalamiko gani. Wakataja matatu. Akauliza, nikiwajibu kwa Qur'ani na Sunna mtarejea? Wakakubali, akayajibu moja baada ya jingine, na maelfu wakarudi. Tumeandaa somo la saa mbili kwa mpangilio huo huo, kwa watendaji na maimamu wa kata zote 25 za jiji, wakae chumba kimoja. Tunachohitaji kutoka ofisini kwako ni barua ya ruhusa, ukumbi na ubao mmoja wa kuandikia yale maneno mawili ya Mardin.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa madrasa na walimu wa historia, Jiji la Arusha