Mpwa wangu, hiyo hamsini isubiri kwanza

Mjomba,

Shikamoo yako ya jana usiku nimeipokea, marahaba. Ule ujumbe wa sauti wa dakika saba nao nimeusikiliza wote, pamoja na pale ulipokuwa unabishana na konda. Swali lako lenyewe fupi: una pesa ya lenzi moja, muuzaji wa Kariakoo anakushikia mbili hadi mwisho wa mwezi, hamsini ya f/1.8 (milimita 50, haivuti, na namba ya f ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi) na zumu ya 18-135 (inavuta kutoka milimita 18 hadi 135), nawe wataka mjombako ataje moja. Nakujibu hadharani kwa sababu wewe ni wa nne kuniuliza tangu Ramadhani, na vidole vyangu vimechoka.

Tuanze na ile picha ya maneno uliyonitumia, eti mabingwa wote walitumia praimu, yaani lenzi isiyovuta. Kweli, Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, alitembea na hamsini sehemu kubwa ya maisha yake. Lakini kamera yake ya Leica aliishika miaka ya 1930, na zumu ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha za mnato za filamu ya milimita 35, Voigtländer Zoomar, ilitoka mwaka 1959. Mtu aliyekulia kisiwa kisicho na gari husemi kachagua kutembea. Halafu kuna hili ambalo hukuambiwa: hamsini yake ilikaa mbele ya filamu ambayo kila picha ina upana wa milimita 36. Kamera yako ina sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu, kwa hiyo kila namba ya lenzi unaizidisha kwa 1.5. Kwako wewe hamsini inaona kama 75, yaani finyu zaidi. Ukitaka kuona alivyoona yeye, tafuta 35.

Unadhani nacheza na hesabu? Tuingie Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, maana najua ndiko utakakoanzia, kwenye milango ya nakshi. Umesimama kichochoroni, mlango uko mita tatu mbele yako, mgongo umegusa ukuta wa jirani, kamera umeishika wima. Kwa hamsini, kinachoingia kwenye picha ni kama mita 1.4 kutoka juu hadi chini. Utapata komeo na kipande cha mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Kizingiti cha juu, alikomalizia fundi ufundi wake wote, kimebaki nje. Kwa 35 unapata mita 2, kwa 18 karibu mita 3.9, mlango mzima na mwenye nyumba kakaa barazani. Utasema nirudi nyuma. Urudi wapi, uingie sebuleni kwa watu?

Kaole ni mambo mengine. Pale kwenye magofu kuna nafasi, makaburi ya nguzo yamesimama kimya, hakuna anayekupiga kikumbo. Lenzi isiyovuta inatosha na kubaki.

Ila usiidharau hamsini mpaka uione alfajiri kwenye mnada wa samaki. Fika saa kumi na mbili kasoro, vyombo vinaingia, mwanga ni ule wa buluu ambao macho yanaona lakini kamera inalia. Weka ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 3200. Zumu ikivutwa mpaka mwisho inakupa f/5.6, shata, muda wa kuingiza mwanga, inashuka hadi 1/20 ya sekunde, na mbebaji anayekimbia na tenga la vibua kichwani anatoka moshi wenye miguu. Fungua f/1.8: mwanga unaoingia ni karibu mara kumi, shata inapanda hadi 1/200, na magamba yaliyomgandia shavuni unaweza kuyahesabu. Hapo zumu haina cha kujitetea. Wala jua likichomoza haina, kwa sababu bahari yetu iko mashariki na jua linakuja usoni moja kwa moja. Hamsini ya kawaida ina vioo sita au saba ndani yake. Zumu ndefu huwa na zaidi ya kumi, na kila kioo kinarudisha mwanga kidogo. Ndiyo yale madoa ya rangi uliyonionyesha kwenye picha zako za Idi ukidhani ni kazi ya malaika.

Onyo moja tu. Kwa f/1.8, ukisimama mita moja kutoka kwa mtu, eneo lililo kali ni sentimita tatu hivi. Jicho linakata kama wembe, sikio limeyeyuka. Vijana wa siku hizi wanaona kuyeyuka huko ndiyo upigaji wenyewe. Mimi nataka kujua huyu mtu yuko Bagamoyo au yuko studio.

Sasa nikupe kisa, na hiki ndicho hasa kilichonifanya niandike.

Msimu wa kusi, mwaka juzi, nilikuwa ufukweni na zumu ndefu ya kuazima. Nikamwona mzee kakaa kwenye kivuli cha ngalawa anashona jarife. Nikasimama mita kama ishirini, nyuma ya mashua nyingine, nikavuta, nikapiga. Nikajiona fundi. Mzee hakuinua hata kichwa, alisema tu kwa sauti ya kawaida, upepo ukaniletea: “Kijana, ndege ndiye anayepigwa kwa mbali. Mimi ndege?”

Niliona haya, mjomba, hata jasho lilinitoka na upepo wote ule. Nikamwendea, nikampa shikamoo, nikakaa mchangani. Akaniuliza mimi mtoto wa nani. Tulipofika kwa babu yako ikajulikana kwamba marehemu aliwahi kukopa nanga yake na hakuirudisha. Tukacheka, nikamwombea msamaha marehemu, ndipo akasema haya, piga. Nikavua zumu nikavika hamsini pale pale, nikampiga kwa mita moja na nusu: vidole, sindano ya kushonea, kovu alilokatwa na mshipi. Zile za mbali zilikuwa za mzee yeyote wa pwani yoyote. Hizi ni zake.

Nisiisingizie zumu. Kwa ile ile 18-135 ungeweza kumwendea mtu, ukamsalimu, ukaiweka kwenye 50 ukapiga. Lenzi haina adabu wala haikosi adabu. Lakini najijua. Kidole kikiweza kuvuta, miguu haitoki. Nikiwa na praimu sina ujanja, lazima nisogee mpaka mtu aniulize mimi ni nani. Kwa hiyo kwangu, kati ya praimu na zumu, swali la kwanza ni nitasimama wapi. Habari za ukali wa picha nimewaachia wanaohesabu matofali ukutani.

Wapo watakaokwambia miguu ndiyo zumu bora. Wamepata nusu. Ukisogea, si kwamba kitu kinakuwa kikubwa tu. Uhusiano wake na kilicho nyuma unabadilika. Simama mita mbili kutoka kwenye omo la mashua na 18, mashua inakuwa jumba na mabaharia walio tezi wanakuwa kama sisimizi. Simama mita ishirini uvute hadi 135, wanarudi kuwa watu, na minazi ya nyuma inasogea kuwabana. Hizo ni picha mbili tofauti, na miguu peke yake haikupi zote. Halafu kuna maji. Jahazi likiwa limetweka tanga huko nje, utasogea kwa miguu gani?

Hapo sasa ndipo sisi wa huku tunapotazama mwezi kabla ya kutazama begi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, kwenye saa nne asubuhi maji yamekauka, vyombo vimelala kwenye mchanga, unatembea hadi ubavuni mwa mashua ukiwa na lenzi yako isiyovuta na kukunja suruali. Rudi alasiri, bahari imejaa hadi ukingoni, jua limehamia mgongoni mwako na linapiga matanga yanayorudi. Saa hizo ukinikuta na hamsini ujue nimekuja kupunga upepo.

Utasema basi ninunue zote nibadilishe. Ehe. Sijamaliza kisa cha mzee. Ile kuvua na kuvika pale mchangani wakati wa kusi, hata mgongo sikuupa upepo. Jumamosi yake nilikuwa na harusi. Nyumbani nafungua picha, bi harusi mzuri, mbingu safi, na kwenye mbingu hiyo vidoa vyeusi vitano, mahali pale pale, kila picha. Vumbi limekaa kwenye sensa. Nilifuta vidoa kwa mkono usiku mbili. Tangu hapo lenzi naivika kwenye kamera nikiwa nyumbani kabla ya kutoka, na ikibidi kubadilisha naingia ndani ya duka la mtu, kamera imetazama chini, pampu ya kupulizia iko mfukoni. Usidhani na zumu imesalimika: inapojivuta na kurudi inanyonya hewa, na hewa ya ufukweni ina chumvi na mchanga. Ukitoka, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kabla hujanywa hata chai.

Na kwa kuwa nimetaja harusi: siku watu wakikulipa, chukua zumu bila kufikiri. Niliwahi kwenda na hamsini tu kwenye chumba cha kumtolea bi harusi pale Magomeni yetu, familia kwenye mkeka watu kumi na wanne, nikapata tisa. Wale watano mpaka leo wananisalimia kwa kununa.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Chukua ile 18-55 iliyokuja na kamera yako, fungua picha zako mia mbili za mwisho, angalia taarifa za kila picha, imeandikwa humo ulipiga kwa milimita ngapi. Mimi nilipofanya hivyo niliona aibu, karibu zote nilikuwa nimevuta hadi mwisho, yaani nilikuwa naogopa watu. Zako zikirundikana kwenye 24 hadi 35, nunua 35 ya f/1.8 iliyotumika, ile hamsini mwachie muuzaji. Zikirundikana kwenye 55, usikimbilie hiyo 135 ya kuvutia mbali zaidi. Gundisha utepe zumu isizunguke, iache kwenye 35 wiki nzima, uone kama mikono itawasha au miguu itaanza kwenda. Kama ni harusi unazozitafuta, hilo tumeshalimaliza.

Njoo Jumamosi ya bamvua inayokuja, panda gari la kwanza. Hamsini yangu nitakuazima alfajiri, ukiimwagia mchanga utanilipa. Na kabla hujapanda, pitia pale unaposafishia picha. Nitakurushia faili ya yule mzee usiku huu. Saizi kubwa, karatasi nzito, isiwe ya kung’aa, na usiikunje. Nilimwahidi, na kila nikipita pale kwenye ngalawa yake ananiuliza kama na mimi nimeamua kuwa kama babu yako na ile nanga.

Mjombako,
Bagamoyo