Waliolipia upepo wakaonyeshwa vinamasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu niyajibu maoni yanayotolewa na watazamaji wa Hurricane on the Bayou, filamu ya makala iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za skrini kubwa na kutolewa mwaka 2006. Lalamiko kuu ni kwamba watu walilipa kiingilio ili wakione kimbunga Katrina, badala yake wakaonyeshwa vinamasi, mamba na wanamuziki wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, huku dhoruba yenyewe ikipita kama mgeni mwenye haraka.

Wanaolalamika hivyo wanasahau namna filamu hiyo ilivyoanza. Kazi ya kupiga picha ilianza kabla ya Katrina, kwa nia ya kuonya kwamba pwani ya Louisiana inamomonyoka na kwamba jiji la New Orleans linazidi kubaki wazi mbele ya bahari; kisha, tarehe 29 Agosti 2005, kazi ikiwa haijakamilika, kimbunga kikafika nchi kavu. Kwa hiyo vinamasi havikuchomekwa ili kujaza muda, bali ndivyo kiini cha filamu. Isitoshe, kamera za skrini kubwa za wakati ule zilikuwa nzito, na mkanda mmoja ulikwisha kwa takriban dakika tatu, hivyo sijui nani angekubali kusimama nayo barabarani mbele ya upepo wa takriban kilomita 200 kwa saa.

Habari ya vinamasi yenyewe inastahili dakika zote ilizopewa. Mto Mississippi ndio ulioijenga pwani ile kwa tope lake, mafuriko baada ya mafuriko, kwa maelfu ya miaka. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927, matuta ya kuuzuia mto yaliimarishwa na kurefushwa, na tope lililokuwa likitandazwa juu ya vinamasi likawa linapelekwa moja kwa moja hadi baharini. Wakati huohuo mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta na gesi iliruhusu maji ya chumvi kuingia ndani na kuua mimea iliyoshikilia udongo. Tangu miaka ya 1930 jimbo hilo limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi, yaani ardhi ambayo ingesaidia kupunguza nguvu ya maji yanayosukumwa na dhoruba kabla hayajafika mlangoni mwa watu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi si lalamiko hilo bali sifa. Wapo wanaotoka ukumbini wameduwaa, wakisema kwamba maumbile yana nguvu na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sibishani na imani ya mtu, lakini kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue, inayotoa maji ya mvua jijini New Orleans, hazikushindwa kwa sababu maji yalipanda yakazipita: zilivunjika kabla maji hayajafika juu yake, na mnamo Juni 2006 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambacho ndicho kilichozisanifu, kilikiri kwamba mfumo wake wa kinga ulikuwa na kasoro. Takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji, na maji hayo yalikaa kwa wiki kadhaa baada ya upepo kwenda zake. Aliyemaliza kutazama akiwa na hofu ya upepo peke yake ameondoka na nusu ya habari, pengine nusu iliyo ndogo zaidi.

Skrini kubwa nayo haiwezi kuachwa bila lawama. Picha zilizopigwa kutoka angani, zikitandazwa kwenye ukuta mzima, hupendeza hata zinapoonyesha mapaa yaliyozama, na mtu aliyeketi chini yake hujiona mdogo kiasi cha kutokumbuka kumuuliza mhandisi swali.

Kwa sababu hiyo ninaomba kwamba, filamu nyingine ya aina hii itakapohakikiwa gazetini mwenu, watazamaji wasiulizwe tu kama walitetemeka. Waulizwe pia kama filamu iliwaeleza ni ukuta upi ulioanguka, na ulijengwa na nani.

Wako mwaminifu,
Msomaji wenu