Kabla hujajitangaza muflisi, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Dakika sita nzima, na ndani yake hamna hata "kaka, umeshindaje?" Umeanza juu kwa juu: wakili amekwambia kuna njia, unakwenda mahakamani unajitangaza muflisi, madeni yanafutwa, unaanza upya. Hilo "kuanza upya" umelitamka kwa furaha ya mtu aliyeambiwa viza yake imetoka. Nikakupigia, simu imezimwa. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, maana hapa najua hupiti usiku ukakosa kuchungulia.

Na usinijibu kwamba nitakuletea "dawa ya deni kulipa". Sikuandika kukuletea methali. Ungekuwa na cha kulipia tusingefika hapa.

Nimekaa nikaisoma hiyo sheria. Wakili wako hakudanganya. Ipo hapa Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, na inamruhusu mtu aliyelemewa aende mwenyewe kortini, asingoje kuburutwa. Mali yako inashikwa na Mpokeaji Rasmi wa serikali, wadai wanazuiwa kukuandama mmoja mmoja, na ukishatoa maelezo ya ulicho nacho na unachodaiwa, miaka 3 baadaye unafunguliwa, labda mdai asimame kupinga. Kuna na njia fupi ya wasio na kitu kabisa, ya miezi 12, lakini hiyo ni ya mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na 400,000. Wewe kituo hicho umekipita kitambo, tena bila kupunguza mwendo.

Nimekupigia hesabu. Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, 412,000. Yule shailoki, mkopeshaji wa riba, aliyekaa na logibuku, hati ya umiliki wa gari, 230,000. Mikopo ya simu, ile tisa niliyoiona mwenyewe ulipoisahau simu yako hapa nyumbani, 94,500. Watu wa mtaani na rafiki zako 170,000. Jumla 906,500, na hayo ni yale niliyoyafahamu. Mkopo wa simu wa tano uliuchukua kulipa wa pili, wa saba ukalipa wa tano, na kila pesa inayoingia kwenye laini yako inakatwa kabla hujaiona. Sikucheki. Nakueleza nilivyoelewa, maana zamani nilidhani unakunywa.

Sasa sikiliza yale ambayo wakili hakukwambia, au alikwambia ukawa unakohoa. Muflisi ambaye hajafunguliwa hatoki nchini bila ruhusa. Ile kazi ya udereva Doha unayoizungumza tangu mwaka jana utaiombea ruhusa kwa nani, na kwa mdomo gani? Biashara nayo una mipaka yake. Ubunge pia hutagombea, Katiba imekataa, ila hilo sidhani litakukosesha usingizi.

Na kuna jambo la pili, ndilo lililoninyanyua kitandani saa tisa za usiku. Kufunguliwa kwako hakumfungui mdhamini wako. Wewe ukitoka mahakamani mweupe, sacco inatugeukia sisi watatu tuliotia sahihi: mimi, binamu, na yule rafiki yako wa Kisauni ambaye siku hizi akiniona hunisalimia kwa kichwa tu. 412,000 kwa watatu ni mia na thelathini na saba elfu na kitu kila mmoja. Akiba yangu ya miaka kumi na moja itaingia humo kwanza, kisha mshahara. Hati yangu ya mshahara ya mwezi uliopita imeshaanza makato ya sacco: 6,850, mstari wa chini kabisa, baada ya bima. Sheria inasema makato yasizidi theluthi mbili za mshahara. Karani wa mishahara alinitazama akacheka, akanambia, "Mwalimu, wewe hapa hukopesheki hata kiberiti."

Naijua sahihi yangu niliitia wapi. Juu ya boneti ya gari ya mtu, nje ya sacco, jua la saa saba, wewe umeshika fomu isipeperuke. Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya kurudi kipindi cha nane, na nilijiona mkubwa, kaka mwenye mdogo anayenunua matatu. Mimi ndiye niliyekutambulisha kwenye sacco yenyewe. Watu hupenda kunikumbusha hilo, wakidhani nimesahau.

Gari ilikwenda Malindi na kurudi miezi mitano, vizuri. Sitaki mtu aje aseme ulikuwa mvivu. Alfajiri unaondoka kabla ya adhana na usiku unarudi sauti imekauka. Injini ilipokufa pale Mtwapa ukalala ndani ya gari siku mbili ukilinda betri. Nilikuletea wali na samaki kwenye kibakuli cha bluu, ukala kwa mkono ulioloa oili, ukaniambia, "Kaka, ni pete tu zimekwisha, si kitu." Siku ile nilikupenda sana. Kibakuli hukurudisha.

Lakini ya kule makaburini Kikowani sijakusamehe.

Unajua mimi ndiye niliyesimama msikitini. Baada ya adhuhuri, kabla hatujamswalia baba, imamu alinipa ishara nikainuka na kanzu iliyonibana, nikasema kama wasemavyo watoto wa kiume wakubwa wote: mwenye kumdai marehemu atuone sisi warithi wake. Nilisema kwa kifua mbele. Baba yule! Baba aliyetembea kutoka Mwembe Tayari hadi nyumbani kwa miguu kuliko kumwambia utingo "nitakulipa kesho". Nilijua hakuna mtu atakayekuja. Nilikuwa najivuna, mbele ya jeneza, Mungu anisamehe.

Tulipokwisha kufukia, watu wanatawanyika, mzee mwenye duka alinishika mkono wa kanzu. Hakutaka kunifedhehesha, alingoja hadi tukawa pembeni, karibu na ukuta. Akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesimama msikitini?" Kisha akatoa daftari mfukoni. Lile la jalada gumu jekundu, pembe zimelika, limefungwa kwa mpira. Akalifungua pale pale na vumbi la kaburi bado liko kwenye vidole vyangu. Jina la baba, jina lake lote pamoja na la babu. Mchele mifuko minne. Mafuta madumu sita. Shilingi 39,200. Na chini yake kwa kalamu ya risasi: *kwa mkono wa mwanawe*.

Mifuko minne ya mchele na baba anaishi kwa uji na dawa! Madumu sita ya mafuta katika nyumba ambayo mama alikuwa akinunua ya kupima! Sikuhitaji kuuliza. Ulichukua mali kwa jina la mgonjwa ukaiuza siku ile ile chini ya bei ili upate taslimu ya kuziba tundu moja kati ya yale tisa.

Nikainua macho nikutafute. Ulikuwa hatua nne kutoka pale, kwenye mfereji. Ulituona. Uliliona daftari. Ukainama ukanawa mikono. Ukanawa, ukanawa, maji yanamwagikia miguuni mwako, mchanga umeshatoka zamani na wewe unanawa tu. Ungesema neno moja. "Kaka, ni langu hilo," basi. Yule mzee angekuheshimu, na mimi ningekupiga kofi kisha nikakulipia. Badala yake ukafunga mfereji, ukajifuta kwenye kikoi, ukaenda kupanda gari la mbele pamoja na wazee.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu yalikuwa matanga kweli.

Sasa nifike pale ambapo na mimi sina uso. Zile fedha za ubani walizochanga watu, mzee wa mtaa alinikabidhi mimi kwenye bahasha ya kaki nimpelekee mama. Zilikuwa 61,000. Nilihesabu 39,200 nikampa mwenye duka jioni ile ile, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza, na kwa sababu sikutaka jina la baba lilale usiku mmoja kwenye daftari lile. Mama nikampa zilizobaki. Nikamwambia hali ni ngumu, watu hawana. Alizihesabu mara mbili juu ya mkeka, akazikunja akazitia kwenye kanga, akasema, "Wamemsahau mapema."

Ningefanya nini? Niambie wewe. Ningemwambia kwamba kitinda mimba wake amemtia baba deni akiwa kitandani? Siku ya maziko? Nilifikiri nitazirudisha polepole, elfu tano tano, asijue. Kisha makato ya sacco yakaanza. Deni nililoliziba kwa fedha za mjane ni lako, na hilo la sacco linalonizuia kumrudishia ni lako pia, na bado mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni. Yeye hasomi mambo ya intaneti. Shangazi ndiye anayesoma. Shangazi, ukifika hapa, nakuomba ninyamazie mpaka Jumamosi.

Najua na wewe unalo la kwangu. Kisanduku cha gia. Ramadhani ile ulinijia barazani ukaomba 15,000, ukasema gari ikisimama wiki moja tu kila kitu kinaanguka. Nikakwambia sina. Nilikuwa nazo. Zilikuwa karo ya muhula wa pili, kwenye droo ya pili, ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Nimejiuliza mara nyingi kama ningetoa siku ile tungekuwa wapi. Huenda gari ingekimbia. Huenda ingeniletea hasara nyingine ya 15,000. Mwanangu angefukuzwa shule, na hilo lilikuwa la uhakika, kwa hiyo nilichagua la uhakika. Sioni kosa. Nimeeleza kwa watu wengi kwamba sioni kosa, na ungekuwa baba nawe ungefanya vivyo hivyo. Hata hivyo gari ilisimama siku ya sita.

Basi nakushauri nini? Sitakukataza mahakama. Ukweli ni kwamba sijui kama nakukataza kwa ajili yako au kwa ajili ya ile 6,850. Ile aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, wewe ndiye uliyeihifadhi kabla yangu chuoni, mwalimu akakupa tende. Iandike basi. Kaa uandike kila mtu na kila shilingi, hata yule mwenye kibanda cha mahamri. Kortini utatakiwa kuandika hivyo hivyo, tena kwa kiapo, na ukificha mali au mdai ni kosa la jinai. Ukishaandika, sheria ile ile ina nafasi ya kukaa na wadai mkapatana ulipe kiasi, korti ikaidhinisha, bila kuitwa muflisi. Shailoki huenda akakubali nusu. Gari anaiuza yeye, wewe huna unachomfanya. Sacco nitakwenda nawe, maana meneja ananijua na ana aibu. Mikopo ya simu iache ipige kelele. Wameshawapigia wakwe zako na imamu, hakuna tena wa kumpigia.

Na ukiona baada ya yote hayo ni ufilisi tu, nenda. Nitakatwa. Nimeshazoea kuvaa viatu vya mwaka juzi.

Ila kabla ya jaji, mama. Hilo silipunguzi. Tutakwenda sote wawili, wewe useme ya mchele na mafuta, mimi niseme ya bahasha. Wewe uanze. Sitaki kusikia kwamba mimi mkubwa nianze, la daftari ndilo lililotangulia.

Yule mzee aliniraruria ule ukurasa siku nilipolipa. Amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika "amelipa" na tarehe. Ninao kwenye jalada moja na fomu ya sacco. Aliyelipa hapo ni baba, aliyekopa ni baba. Wewe umo kwa kalamu ya risasi, na imeanza kufutika.

Jumamosi baada ya alasiri niko barazani. Mama amekuuliza jana, nikamwambia uko safarini. Njoo na karatasi za wakili. Na kile kibakuli, kama bado unacho.