Barua kwa Kipa wa Makorora

Charlotte, North Carolina
Jumanne, 24 Septemba 2024

Swahiba wangu Kipa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Najua ni miezi mitatu sijakuandikia, na salamu zako za Idi kubwa nilizijibu kwa neno moja tu. Niwie radhi, zamu za usiku zimenibana. Chande kaniambia nyumba imeshaezekwa, hongera sana, wallahi nimefurahi kama vile ni yangu. Kaniambia pia habari za mguu wa Mama. Nitaufikia huko chini, ngoja kwanza nitoe kilichoniamsha saa kumi alfajiri nikatafuta kalamu.

Ni mwanangu, somo yako. Hajaumia, usishtuke. Ana miaka 16 sasa, kanipita urefu, na kwenye timu ya shule yao ndiye kwotabeki. Nilikueleza siku ile kwa simu lakini bajaji za hapo barazani kwako zilimeza nusu ya maneno, kwa hiyo narudia. Katika mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila timu inapoanza kushambulia. Ana sekunde mbili tatu za kuamua ampasie nani, huku majitu ya kilo 120 yanamjia yamwangushe. Mbele yake kuna watu watano ambao kazi yao ni kuyazuia hayo majitu. Wakiyazuia, yeye anaonekana bingwa. Yakipenya, anaonekana hajui mpira. Wewe kipa, hapo huhitaji maelezo zaidi.

Mwaka huu wameletewa kocha mpya. Wamecheza mechi nne, wamefungwa zote nne. Ijumaa iliyopita kocha akawaambia kwamba mechi ya Ijumaa hii ndiyo itakayoamua kama ataendelea na mwanangu au atamweka benchi. Aliyasema mbele ya timu nzima. Mtoto akarudi nyumbani, akaniamkia, akaoga, akala nusu sahani, akaenda kulala saa mbili usiku. Saa mbili, Kipa! Huyu ambaye kumlaza saa tano ni vita.

Ungekuwa hapa Charlotte ungedhani mji mzima unamjadili mwanangu, maana timu yetu kubwa, Panthers, iko katika jambo hilohilo. Kijana wao anaitwa Bryce Young, ana miaka 23. Akiwa chuo kikuu cha Alabama alichukua tuzo ya Heisman ya 2021, ile anayopewa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Huku kila mwaka timu hupokezana zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka 2023, ili wawe wa kwanza kuchagua kijana na wamchukue yeye, Panthers waliwapa Chicago nafasi mbili za kuchagua za mwaka ule, nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu ya yote wakamtoa D.J. Moore, mpokea pasi wao bora. Ni kama kununua kipa ukamlipia kwa mabeki. Msimu ule wakashinda mechi 2, wakapoteza 15. Kijana aliangushwa mara 62 na mpira mkononi. Kocha aliyempokea, Frank Reich, alifukuzwa baada ya mechi 11, msimu ukamaliziwa na kocha wa muda.

Januari hii akaja Dave Canales. Na kilichowafanya wamlete ndicho kinachoniuma. Huyu bwana alikuwa akiwanoa makwotabeki kule Seattle mwaka 2022, Geno Smith alipofufuka baada ya miaka mingi ya kukaa benchi. Mwaka jana alikuwa Tampa, akasimamia mashambulizi, na Baker Mayfield akatoa pasi 28 za tachidauni, yaani zilizovuka mstari wa mwisho wa wapinzani, ndiyo mabao ya huku. Tulisema kaja tabibu. Mimi mwenyewe nilimwambia somo yako: huyu atamponya Young, tazama.

Basi msimu ukaanza huu mwezi. Kule New Orleans pasi ya kwanza kabisa ya Young ikanaswa na wapinzani, tukafungwa 47 kwa 10. Wiki iliyofuata wakaja Chargers hapa kwetu. Nilipewa tiketi mbili kazini, tukaenda mimi na mtoto. 26 kwa 3. Young alimaliza mechi nzima na yadi 84 za pasi, na hizo si kitu. Somo yako alikuwa amevaa jezi yake, namba 9. Watu walipoanza kuzomea alikunja mikono kifuani akaifunika ile namba, akakaa hivyo hadi mwisho. Kesho yake, tarehe 16, Canales akamweka Young benchi. Mechi mbili, Kipa. Tabibu kampima mgonjwa mara mbili akamtoa wodini.

Nilikuwa na hasira ya kutosha kukuandikia siku ileile. Lakini ngoja nikwambie na la upande wa pili, maana sitaki uniamini kwa kuwa ni mimi. Juzi Jumapili wakamsimamisha Andy Dalton, mzee wa miaka 36, huko Las Vegas. Wakashinda 36 kwa 22. Yadi 319, tachidauni tatu. Ukuta wa mbele, wale watano wa kuzuia, ni uleule, wapokeaji ni walewale. Hapo ndipo hoja yangu iliponiponyoka. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kazini kwamba tatizo ni ukuta, sasa ukuta uleule umemlinda mzee akafurahi. Kuna jamaa kazini kanipigia makofi aliponiona naingia.

Nimelifikiria siku mbili hizi. Dalton yuko kwenye ligi tangu 2011. Mitego yote keshaiona, anajua mpira uende wapi kabla haujamfika mkononi. Young ana mechi 18 tu, chini ya makocha wakuu watatu, kila mmoja na maneno yake. Na kocha ana watu 53 kikosini, wana wake na watoto, mkataba wa mtu unaweza kukatika wiki yoyote. Hawezi kuwaambia wapoteze msimu mzima kwa ajili ya mmoja. Hilo nalikubali. Kumpumzisha kijana, nakubali. Nisichokubali ni haya ninayoyasikia sasa kwamba auzwe, apewe yeyote atakayemtaka, tuanze upya.

Maana Charlotte tumeshafanya hivyo! Huyo Baker Mayfield alikuwa hapa 2022, tukamwacha aende kabla msimu haujaisha, tukamwita garasa. Sam Darnold alikuwa hapa 2021 na 2022, tukamwita garasa. Leo Darnold yuko Minnesota, wameshinda tatu kwa tatu, na juzi hiyohiyo katoa pasi nne za tachidauni Houston wakala 34 kwa 7. Watu wawili tuliowatupa sisi, wameokotwa na wengine wakasuguliwa wakang'aa. Sasa tunataka kumtupa wa tatu, tena aliyetugharimu kuliko wote. Mtu akivunja sahani tatu mfululizo, utazilaumu sahani?

Na yule kocha wa Chargers aliyetufunga, Jim Harbaugh, yeye ndiye angepaswa kuulizwa. Mwaka 2011 alipoajiriwa San Francisco alimkuta Alex Smith, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2005 na ambaye mashabiki walikuwa wamemzomea miaka na miaka. Harbaugh akambakiza. Akampunguzia mzigo, akampangia michezo anayoiweza. Msimu uliotangulia timu ilishinda 6 ikapoteza 10. Msimu huo ikashinda 13, ikapoteza 3. Kijana alinaswa pasi tano tu. Sawa, mwaka uliofuata Smith akaumia kichwa, Colin Kaepernick akaichukua nafasi yake na hakuirudisha, na Harbaugh hakusita. Lakini kwanza alimpa kazi ya kweli akaona matunda yake. Linganisha na Arizona: 2019 kocha mpya akaingia, akachagua kijana mwingine, Josh Rosen aliyekuwa na msimu mmoja tu akauzwa Miami, na tangu hapo hakupata pa kutulia.

Nimeenda mbali. Nilichotaka kukuandikia ni cha Makorora.

Unaikumbuka 1997, masika, ile mechi ya matope? Tulifungwa tano. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumefungwa tatu. Yule kocha mpya alikuwa na siku kumi tu na sisi, akakutoa. Ulikaa nyuma ya goli msimu mzima unaokota mipira. Chande akasimama pale, siku ya kwanza tu akapangua penalti, kijiwe kizima kikasema kocha ana jicho. Mechi ya nne Chande akala sita, wala hakuna aliyerudi kusema neno.

Kipa, mabao matatu kati ya yale matano yalipitia kwangu. Nilikuwa beki wa kushoto. Winga wao alikuwa akinipita kama anapita mlango wa kwao. Wewe ulikuwa unatoka golini kuja kuziba nilipoacha wazi, ndiyo maana goli lilikuwa tupu. Kocha alipotukalisha akauliza kosa la nani, nilitazama chini. Ulinitazama mara moja, halafu ukavua glavu ukaziweka kwenye mfuko wa jezi. Miaka 27 sijawahi kukutamkia. Tumekula pamoja, tumezika pamoja, umeniolesha, nimempa mwanangu jina lako, na hili sikulisema. Nalisema leo. Kosa lilikuwa langu. Naomba unisamehe.

Sasa unaona kwa nini silali. Kila nikitazama mechi za somo yako nawatazama wale watano wa mbele. Mmoja wao, wa upande wa kushoto, anapitwa vibaya, mtoto mzuri tu, mpole, huja hapa nyumbani akala wali wetu. Na kwenye gari namsikia mwanangu anamwambia, "Kosa langu, nilichelewa kuuachia." Hakuchelewa. Nilikuwepo.

Kuna makosa yake pia, sifichi. Akishaangushwa mara mbili, ya tatu anaanza kuwatazama wanaomjia badala ya kuwatafuta wenzake. Mguu wa nyuma unayumba na pasi inakwenda juu. Hicho ni kitu cha kufundishwa, na kocha anayetaka anaweza kukinyoosha kwa wiki chache. Ampangie pasi fupi, za haraka, aache kusubiri. Na kama lazima akae, akae akijua anakaa kujifunza nini na atarudi lini. Hilo tu ndilo ninalotaka kwa huyu kocha, na kwa Canales pia, kama ningekuwa na njia ya kumfikia.

Alhamisi kocha anapokea wazazi. Mama yake anasema niende. Mtoto anasema, "Baba, tafadhali usiende." Nimeshapanga maneno yangu mara tano, kila mara naishia kuyasema kwa sauti kubwa mno, na niko peke yangu jikoni.

Kwa hiyo nina ombi. Mtumie somo yako ujumbe wa sauti kabla ya mechi yao. Wanatoka shule saa nane na robo mchana huku, yaani Ijumaa saa tatu na robo usiku kwenu, hapo ndipo anapoishika simu. Usimpe mawaidha, ya kwangu yanamtosha. Msimulie tu vile ulivyokuwa ukifanya asubuhi ya mechi, na zile siku za nyuma ya goli. Hajawahi kujua. Anadhani wewe ulikuwa golini tangu mwanzo hadi mwisho, kwa jinsi ninavyokusifu. Mwambie na la beki wa kushoto ukitaka, simkatazi.

Na mimi nijibu haya. Niende Alhamisi au nimsikilize mtoto? Wewe wakati ule ungependa mzee wako aje kwa kocha, au ungeona haya? Ni nini kilikurudisha mazoezini kila jioni, hali unajua hupangwi? Ulijua kuhusu yale mabao matatu? Ulijua ukaninyamazia, au ndiyo unalisikia leo? Na Chande anajua?

Mguu wa Mama: kidonda kimefunga au bado anakwenda kufungwa bandeji? Daktari kasema nini kuhusu sukari? Anakubali kuvaa vile viatu au bado kandambili? Nimemtumia Chande kitu kidogo cha dawa, atakupitishia kesho jioni. Kama hakitoshi niambie kiasi, usione haya.

Barua hii naipiga picha nikutumie sasa hivi kwenye simu, na karatasi yenyewe itakuja na shangazi yake Zuhura mwezi ujao. Mnisalimie baraza nzima.

Wako,
Beki wa kushoto