Shukrani kwa Aliyetuletea Rangi

Kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi wa somo la sanaa katika shule yetu hapa Dar es Salaam, namshukuru msamaria mwema ambaye, bila kutaja jina, alimwachia mlinzi wetu makopo ya rangi ya mafuta, brashi na vipande vya hadibodi wiki tatu kabla ya maonyesho, wakati vijana wetu walikuwa wakichora kwa penseli tu. Rangi za namna hiyo ndizo alizotumia Edward Saidi Tingatinga, mchoraji maarufu wa picha za wanyama, alipoanza kuchora jijini humu mwaka 1968, nazo humfundisha mchoraji subira, kwa kuwa tabaka la chini halina budi kukauka kabla ya kuchora mnyama juu yake. Siku ya maonyesho, binti wa kidato cha pili, ambaye awali hakuthubutu kumwonyesha mtu kazi yake, alisimama mbele ya wageni akaeleza jinsi alivyopanga madoa ya chui wake. Mama yake alilia, nami pia. Ndugu yetu, tumekutengea picha moja iliyotiwa saini na wasanii wote, na imehifadhiwa ofisini kwa mkuu wa shule mpaka utakapopita.