Rehema, kabla hujanunua raba nyingine

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa miguu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema ukifika dakika ya 20 ya mazoezi vidole vinaanza kufa ganzi, kisha unyayo unawaka moto, na ukivua raba hali inatulia. Umeniuliza ununue raba za aina gani. Nakuomba kwanza usinunue. Hizo ulizonazo zina mengi ya kukueleza, na huenda shida yako ni kamba tu.

Maumivu yanayokuja na kiatu na kuondoka na kiatu, mara nyingi ni ya kubanwa. Kuna mahali mshipa wa fahamu umekandamizwa, ukiuachia nafasi unatulia. Maumivu yanayobaki hata ukiwa peku ni habari nyingine, na nimeona umeyataja pia kwa mstari mmoja mwishoni, kama vile si kitu. Hayo nitayafikia.

Anza na vipimo, na upime jioni. Baada ya kutwa nzima ya kusimama na kutembea mguu huwa umevimba kidogo, na ndivyo unavyovimba ukifanya mazoezi, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kitakudanganya. Toa soli ya ndani ya raba, ile inayochomoka kwa kuvutwa, iweke sakafuni, simama juu yake peku, kisigino kikae barabara mahali pake na uzito uwe kwenye miguu yote miwili. Usipime umekaa, unyayo ukibeba mwili hulala na kurefuka. Kati ya ncha ya kidole kirefu kuliko vyote na ukingo wa mbele wa soli pabaki kama upana wa kidole gumba cha mkono, yaani sentimita 1 hadi 1.5. Nimesema kidole kirefu kuliko vyote kwa makusudi, maana kwa baadhi ya watu ni kile cha pili, na wao huhangaika kupima kidole gumba. Halafu tazama pembeni: nyama ya mguu isimwagike nje ya soli, hasa upande wa kidole kidogo. Ikimwagika, kiatu ni chembamba, na kuongeza namba hakutakusaidia sana, kwa sababu utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitaanza kucheza. Tafuta kiatu kipana cha namba ileile. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa ni kawaida mmoja kuuzidi mwenzake, na kiatu huchaguliwa kwa ule mkubwa.

Ukiwa bado umeishika hiyo soli, isogeze kwenye mwanga. Raba iliyovaliwa miezi kadhaa huacha alama nyeusi za vidole, kimoja kimoja. Alama ya kidole ikiwa imegusa ukingo wa mbele, au kitambaa kimelika pale, kidole chako kinagonga ukuta kila hatua. Kucha zinazogeuka nyeusi hutoka hapo, damu ikivilia chini ya ukucha, na hutokea zaidi ukiteremka mlima. Ila usiseme haraka kwamba kiatu ni kifupi. Kama kipimo cha urefu kilikuwa sawa, basi mguu wako unateleza kwenda mbele kwa sababu kisigino hakijashikwa, na hiyo ni kazi ya kamba.

Sasa tuje kwenye kamba zenyewe, maana ndipo ninapoitilia shaka ganzi yako. Pitisha kidole juu ya mguu, pale panapolala ulimi wa kiatu. Utaona ni ngozi na mfupa, nyama hakuna. Mishipa ya fahamu inayopeleka hisia vidoleni inapita papo hapo, chini kidogo tu ya ngozi. Unafunga kamba mguu ukiwa umepoa, baada ya robo saa mguu umejaa damu na kutanuka, kamba ziko palepale. Ndiyo maana ganzi haiji dakika ya kwanza.

Fanya hivi. Legeza kamba zote mpaka matundu ya chini kabisa. Ukichomeka mguu kwenye raba iliyofungwa tayari, kisha ukavuta fundo la juu, kule chini panabaki ovyo na juu panakuwa kamba ya mnyongo. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu hadi kikae nyuma kabisa, nyoosha ulimi usibaki na mkunjo wala kuhamia upande mmoja. Kisha vuta kamba kuanzia chini, jozi moja ya matundu baada ya nyingine. Jozi mbili za chini ziache na ulegevu ili vidole vipate kutanuka, za katikati zikaze kiasi, na zile za karibu na kifundo cha mguu zikaze zaidi kidogo, kwani ndizo zinazokirudisha kisigino nyuma. Simama. Kidole cha shahada kipite chini ya kamba za katikati kwa kusukuma kidogo. Kisipopita, umekaza mno.

Kama juu ya mguu kuna mahali panauma ukipabonyeza, au kifupa kimeinuka, paachie dirisha. Kamba zikifika kwenye jozi ya matundu iliyo chini ya mahali hapo, usizikatishe kwenda upande wa pili. Kila kamba ipande wima upande wake ule ule hadi tundu linalofuata, na hapo ndipo zipishane tena kama kawaida. Utaona uwazi wa mraba ambao hakuna kamba inayopita juu yake. Ni kitu kidogo sana, lakini ukipapatia penyewe, nafuu yake huijua siku hiyohiyo.

Na kama kisigino ndicho kinachocheza, tumia lile tundu la ziada lililo juu kabisa, ambalo wengi huliacha bila kujua lina kazi gani. Chomeka kila kamba kwenye tundu hilo la upande wake, kutoka nje kwenda ndani, lakini usiivute yote. Acha pete ndogo inayotosha kupitisha kamba. Ncha ya kushoto ipite kwenye pete ya kulia, ya kulia ipite kwenye pete ya kushoto. Vuta ncha zote mbili pamoja kuelekea chini na nyuma mpaka pete zibane, halafu funga fundo lako la siku zote. Kisigino kitashikwa bila wewe kulazimika kuinyonga sehemu ya katikati. Ukihisi inakukata mbele ya kifundo, legeza. Isiwe umehamisha shida kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Hukuniambia kama ganzi inakuja ukikimbia tu au hata kwenye baiskeli ya mazoezi. Kwenye baiskeli, na kwenye zile mashine ambazo mguu hautoki kwenye pedali, uzito hukaa sehemu moja ya unyayo muda wote, na hapo hata kamba zilizofungwa vizuri haziwezi kukuokoa peke yake. Kila dakika 5 tikisa vidole ndani ya kiatu, inua kisigino kidogo, kisha sogeza uzito kuelekea nyuma.

Huko kuwaka moto nako nataka ukuchunguze. Tafuta kwa kidole ni wapi hasa. Kama ni kati ya kidole cha tatu na cha nne, na wakati mwingine unahisi kama kuna kokoto ndani ya soksi wakati hamna kitu, basi huenda mshipa wa fahamu unaopita kati ya mifupa hiyo umekerwa na kunenepa kwa kubanwa na kiatu chembamba mbele. Ubane mguu kutoka pembeni zote mbili kwa kiganja, kisha bonyeza kati ya mifupa hiyo. Maumivu yakija yaleyale, umepata dalili nzito. Hapo ndipo raba pana sehemu ya vidole inapohitajika kweli, pamoja na kipedi kidogo cha kubandika kwenye soli ya ndani. Hicho kipedi watu hukiweka vibaya: wanakibandika pale panapouma. Kazi yake ni kuinua mifupa kwa nyuma ili itanuke, kwa hiyo kikae nyuma ya maumivu. Paka rangi ya midomo kidogo mahali panapouma chini ya unyayo, kanyaga soli, alama itabaki. Kipedi kiwe upande wa kisigino, ukingo wake wa mbele uishie kabla ya kuifikia alama. Ukikihisi kama kijiwe kinachokuchoma, kirudishe nyuma milimita chache ujaribu tena.

Sasa ule mstari wako wa mwisho, kwamba asubuhi hatua za kwanza kisigino kinachoma kwa ndani, ukitembea kinapoa. Usiupuuze, Rehema. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, umeshikizwa kwenye kisigino na kutandaa hadi vidoleni, na maumivu ya namna hiyo kwa kawaida ni ya pale uliposhikizwa. Usiku hujikaza, asubuhi unauvuta kwa ghafla na uzito wote. Kabla hujakanyaga sakafu, kaa kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, shika vidole na uvirudishe nyuma kuelekea ugoko mpaka uhisi kwa mkono wa pili kwamba mkanda ule umekaza chini ya unyayo. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ya kwanza iwe hiyo ya kitandani.

Baada ya hapo, mazoezi ya kuutia nguvu. Simama kwenye ngazi, visigino vikiwa nje, taulo iliyoviringishwa iwe chini ya vidole ili vikunjike kwenda juu. Inua visigino kwa sekunde 3, shikilia 2, vishushe kwa 3. Mara 12, seti 3, siku moja ufanye na siku inayofuata upumzike. Nyoosha na shavu la mguu pia, maana likikaza huvuta kisigino. Nakwambia mapema kwamba hili huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Wiki ya pili usije ukaliacha kwa kuona halijapona.

Kwa hicho kisigino, umri wa raba una maana kubwa. Raba nyingi za kukimbilia huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na ile sponji ya katikati huchoka kabla ya soli ya nje, ndiyo maana kutazama meno ya soli peke yake kunapoteza watu. Ukikimbia kilomita 5 mara 4 kwa wiki, 500 zinatimia kwa wiki 25. Weka raba mezani, itazame kwa nyuma iwapo imelalia upande. Angalia sponji kwa pembeni kama ina mikunjo iliyogandamana. Ikunje kwa mikono: inapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjikia, isijikunje katikati kama karatasi. Ikifeli hapo, hiyo basi, ibadilishe. Na zile laini za kukimbilia usizitumie kunyanyulia vyuma wala kuruka kwenda upande upande; zimetengenezwa kwa kwenda mbele, mguu utayumba juu ya sponji.

Malengelenge hukuyataja, ila yakikutokea, angalia soksi kwanza. Za pamba hushika jasho na ngozi iliyolowa husuguka upesi. Chukua za sufu laini au za nyuzi zinazokauka haraka. Ngozi ya juu ya lengelenge usiibandue.

Yapo mambo ambayo kamba hazitibu. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kila siku, yanauma hata usiku umelala, au ukiruka kwa mguu mmoja unashindwa: acha kukimbia, nenda kwa daktari, na umweleze yalianza lini. Mfupa uliopata ufa mdogo wa uchovu mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei wiki 2 au 3 za mwanzo, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani kama bado panauma. Ganzi isiyoondoka hata ukiwa peku nayo ipeleke hospitali. Na mtu mwenye kisukari asitoboe lengelenge wala asijaribu vipedi bila kuonwa, kwa sababu anaweza kuumia asihisi.

Wiki hii badilisha namna ya kufunga kamba peke yake. Soksi zilezile, raba zilezile, mazoezi yaleyale, mara 3. Ya kitandani ya kisigino anza kesho. Kila mara andika ganzi imeanza dakika ya ngapi na kidole kipi kilitangulia, kisha niletee hizo namba tatu pamoja na vipimo vya soli. Ganzi ikisogea kutoka dakika ya 20 hadi ya 35, tutaendelea kulegeza. Isiposogea kabisa, tutazungumza kuhusu upana.

Rafiki yako,
Mwanaidi