Risala ya Akina Mama Karanga wa Mtongwe kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, wavuvi na akina mama wenzetu, asalaam aleikum.

Twakushukuru kwa kuvuka feri na kutufikia. Kuna wageni tuliowangoja mpaka wali ukapoa. Wewe umechelewa saa moja unusu tu, na hiyo kwetu ni heshima.

Historia ya kikundi chetu cha akina mama karanga, yaani wakaangaji na wauzaji wa samaki, ni fupi. Tulianza tukiwa akina mama 9 na karai moja la kuazima. Leo tuko 31, tuna makarai 6, akaunti ya benki na friza 2. Kwa ufupi, hakuna samaki wa kukaanga anayeliwa Likoni nzima bila kupitia mikononi mwetu.

Historia ya umeme ndiyo ndefu, nasi tutaipitia mbio kwa kuwa ni ya kwetu. Mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata jenereta ya kuangazia kasri lake. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa Mombasa, akaikabidhi kampuni ya umeme ya mji huu. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi zikaunganishwa. Baadaye ukaja umeme wa maji kutoka Uganda, mabwawa ya Mto Tana, mvuke wa ardhini wa Olkaria mwaka 1981, na juzijuzi upepo wa Turkana. Wakati huo wote bibi zetu walikaangia kuni za mikoko, mama zetu makaa, na usiku wakauzia mwanga wa koroboi. Sisi tuna mita ya tokeni ukutani, na bado twauzia koroboi.

Mheshimiwa, hapo ndipo penye shida yetu.

Ukisimama ufuoni utaona ng'ambo ya maji dohani za Kipevu, panapochomwa mafuta mazito kuzalisha umeme. Moshi wake twauona. Umeme wenyewe hautufikii, kwa sababu transfoma yetu iliungua miaka mitatu iliyopita na tukaungwa kwenye ya mtaa jirani, ambayo tayari ilikuwa imeelemewa. Fundi wetu alipima saa moja usiku, saa ambayo kila nyumba imewasha, akapata volti 160 badala ya 240. Umeme ukiwa hafifu hivyo, mota ya friza huvuta kwa nguvu, hupata moto, mwisho huungua. Moja imeshaungua. Ya pili yanguruma usiku kucha wala haigandishi.

Mwezi uliopita mwenzetu alifungua friza alfajiri akakuta pweza na tafi wa siku mbili wanaelea kwenye maji mekundu. Alifunga kifuniko, akakaa juu yake, hakusema neno. Mkopo wa samaki wale bado anaulipa.

Si kwamba hatukusema. Mgeni wetu wa kwanza alituahidi transfoma kabla ya Ramadhani. Kosa ni letu, hatukumuuliza Ramadhani ipi. Wa pili, Mungu amzidishie, alituletea nguzo 3. Nguzo moja ndiyo iliyofungiwa kamba ya hema hili lililokufunika, ya pili imekaliwa na vijana kule nyuma, na ya tatu imegeuzwa kigingi cha mbuzi. Barua tumeandika 5. Kila ofisi tuliyoingia ilitupokea vizuri sana na kutuelekeza ofisi nyingine.

Kwa hiyo, mheshimiwa, hatuombi fedha, sare wala viti vya plastiki; viti tunavyo. Tunaomba transfoma moja ya mtaa huu, na hizo nguzo zisimamishwe zikiwa bado hazijaliwa na mchwa. Mashine ya barafu tutainunua wenyewe, tumeshaanza kuichangia. Na tunaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, utaje tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Wageni waliotangulia tuliwavisha vikoi wakiwa bado hawajakaa. Chako kipo, ni kizuri kuliko vyao, na kamati imeamua kukuvika siku friza itakapogandisha.

Chakula ki tayari, karibuni. Soda mtazikuta vuguvugu, mtatuwia radhi.

Ni sisi akina mama karanga wa Mtongwe.